Ushahidi wa Verna Stidham

Jumanne moja ya Machi, Lyle Kessinger aliweka kinasa sauti juu ya meza ya jikoni kwa Verna Stidham, akasogeza bakuli la sukari ili waya upite, akamwomba asimulie siku bwawa la kampuni ya makaa lilipopasuka. Lyle alikuwa akitunga mchezo wa kuigiza kwa maneno ya watu wa bonde lile la West Virginia, bila kuongeza hata moja lake. Verna alisimulia kwa saa mbili. Alieleza maji meusi yalivyoingia mlangoni, na mkono wa binti yake Junie, mwenye miaka sita, ulivyomponyoka. Alipomaliza alimtazama Lyle kama mgeni, akamuuliza kama amepotea njia.

Yote aliyoyasema yalikuwa yamemtoka kichwani. Tangu hapo akaanza kupata usingizi.

Maneno yake alipewa Odessa Pruitt ayaigize, karani wa posta ambaye hajawahi kuzaa. Wiki ya pili ya mazoezi hakuhitaji tena karatasi. Kila alipofika kwenye ule mkono, maji meusi yalimchuruzika kutoka kwenye nywele, na fundi wa taa akazoea kuja na dekio.

Shida ilikuwa tume ya uchunguzi wa maafa yale, iliyomwita Verna atoe ushahidi. Verna ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliomsikia msimamizi wa kampuni akiwaambia watu warudi majumbani, bwawa ni imara. Basi Odessa akamwendea, akamsomea yote neno kwa neno, ili achukue kilicho chake. Verna alisikiliza mpaka mwisho, akamshika bega.

"Mwanangu, yote hayo yamekupata wewe?"

"Ni yako, Bi Verna."

"Mimi sikuwahi kuwa na mtoto. Ningemkumbuka."

Odessa akaenda mwenyewe mbele ya tume. Alieleza vizuri, akalowesha meza. Wakili wa kampuni alimuuliza asubuhi ile alikuwa wapi. Akasema posta, mji wa pili, akipanga barua. Verna naye alipoulizwa alisema anakumbuka mvua tu. Tume ikaandika kwamba hakuna aliyewahakikishia watu lolote, na kwamba bwawa lilivunjwa na mvua. Kampuni ikajenga jingine, juu kidogo ya pale pa kwanza.

Lyle alitaka kuusimamisha mchezo. Alisema amemwibia mama wa watu mtoto wake. Odessa alikataa.

"Nikiacha, Junie atabaki na nani?"

Kwa hiyo mchezo unaendelea kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Verna hukaa mstari wa mbele na kulia kama wengine. Watu wakishatoka, hupanda jukwaani na taulo, akamkausha Odessa nywele taratibu, akimuuliza yule mtoto alikuwaje.

Odessa humwambia alikuwa na pengo mbele, na hakupenda kuchanwa nywele.

"Maskini," husema Verna, akiendelea kukausha. "Mama yake alikuwa na bahati kuwa naye."