Mume Wangu Hasahau

Mume wangu ana tabia moja inayonichefua: hawezi kufanya kazi bila kuisimulia. Akipigilia msumari mmoja, utasikia habari za misumari yote aliyowahi kupigilia. Ni fundi mkuu kwenye gereji ya kampuni ya mabasi, na wenzake wamempa jina la Kompyuta kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hasahau kitu. Mimi nililiamini jina hilo kuliko nilivyoiamini damu yangu.

Jumamosi hiyo aliamua kubadilisha oili ya difu ya gari letu, hapo hapo uani. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawia magurudumu nguvu. Akalipandisha gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi nne ili likae sawa, akajilaza chini yake juu ya gunia. Mimi nikawa wa kumpokeza spana.

"Unafungua bolti ya juu kwanza," akanifundisha, utadhani nimemwomba. "Ukimwaga oili yote kwa chini, halafu ya juu ikagoma, mpya utaiingizia wapi? Utabaki unalitazama gari."

Hapo simbishii, ufundi anaujua. Ya juu ikalegea, kisha ya chini, na oili nyeusi ikaanza kuchuruzika kwenye karai huku inanuka yai viza. Chupa mbili za oili mpya na pampu ya mkono nilikuwa nimeziweka kivulini, kando ya ndoo.

Mara jirani yetu seremala akachungulia getini, na bwana mkubwa akapata alichokuwa akikitafuta: masikio mapya.

"Karibu, jirani. Unaiona kazi hii? Ndogo tu, lakini ilimfukuzisha mtu kazi. Tena shemeji yangu. Muulize huyu, ni mdogo wake."

Nilijua kinachofuata, nimekisikia miaka minne mfululizo. Kwamba yeye na mdogo wangu walikuwa wakibadilisha oili ya difu ya basi. Kwamba yeye alimwaga ya zamani, akamwachia kijana ajaze mpya, na kijana akafunga bolti difu ikiwa kavu. Kesho yake difu ikanasa mlimani, magurudumu yakajifunga, abiria wakalala njiani. Mungu mkubwa, hakufa mtu. Yote hayo anayasimulia kalala chali, spana inachora hewani, na akifika mahali pake humwiga mdogo wangu kwa sauti ya kitoto: "Mimi nilishika taa tu, fundi." Seremala akacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kama nilivyozoea.

Maneno hayo mdogo wangu aliyasema kweli, na aliyasema mlangoni kwangu, wiki ile ile aliyofukuzwa. Hakuja kuomba kitu. Alitaka nimwamini, basi. "Dada, mimi nilishika taa. Bolti zote mbili kafunga yeye, nikajua ameshajaza." Nilimjibu hata kiti sijampa. Nikamwambia mume wangu hasahau, ila wewe tangu utoto kichwa chako ni chujio. Nikamwambia asikanyage kwangu mpaka awe tayari kumwomba shemeji yake radhi. Hakukanyaga tena. Wazazi tulishawazika, tulikuwa tumebaki wawili tu. Namba yake ninayo na sikuwahi kuipiga, nikijipa moyo kwamba mdogo ndiye anayetakiwa kuanza.

"Sasa mtu unasahauje?" mume wangu alikuwa anamalizia kisa. Oili ilikuwa imebaki matone. Akaifuta bolti ya chini, akaikaza. Akaifuta ya juu, akaikaza pia, neno moja kwa kila mvuto wa spana. "Unafungaje. Difu. Kavu?" Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani, kisa hicho kikifika mwisho huwa naangalia pembeni.

Gari likashushwa. Seremala akaaga huku akimsifu. Mume wangu akanawa mikono, akasema analizungusha kidogo kisha anarudi. Mimi nikabaki kukusanya vyombo. Pampu ilikuwa kavu. Nikazinyanyua zile chupa mbili, zikanilemea. Vifuniko vyote viwili vilikuwa bado na muhuri.

Nitasema ukweli wangu. Nilisikia gari linawaka na sikumwita. Nilitaka aende. Nilitaka limnasie katikati ya barabara, watu wamzunguke, wamuulize aliyefunga ni nani. Lakini barabarani kuna watoto wa wenzangu. Nikaenda kusimama getini, mbele ya gari, chupa moja kila mkono.

Akashusha kioo. Akazitazama chupa, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unapoteza damu. Akazima gari.

"Ningekumbuka tu njiani," akasema.

"Na lile basi ulilikumbuka lini?"

Akachungulia kwanza kama seremala kashafika mbali. Nilidhani atakana, na moyoni nilikuwa namwombea akane.

"Walipopiga simu kwamba limenasa," akasema taratibu. "Ningefanyaje, mama watoto? Mimi nilikuwa na familia. Yeye hakuwa na mtu."

"Alikuwa na mimi."

"Haya yameshapita. Ya ndani yabaki ndani."

Nikaziweka chupa zake juu ya boneti, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nikaikosea namba mara mbili. Simu ikapokelewa na mwanamke, nyuma yake mtoto mchanga analia. Nikamtaja mdogo wangu.

"Yuko kazini," akasema. "Mimi ni mke wake. Nimwambie nani?"

Sikuwa na habari kwamba nina wifi. Huyo mtoto anayelia ananiita shangazi, na sikujua hata kama ni wa kike au wa kiume. Nikajikaza nikamwambia mimi ni dada yake, dada yake wa tumbo moja.

Akanijibu kwa adabu zote.

"Samahani, mama, nadhani umekosea namba. Mume wangu kwao alizaliwa peke yake."