Simu Nne za Kaindi

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa nimetua Ukunda, nikivuta nyaya katika ndege ndogo ya rubani aitwaye Rai pale kiwanjani. Shule yangu iliishia darasa la tano. Mengine niliyaokota karakana ya reli Voi na katika meli. Kaindi hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama mikono yangu inatetemeka.

Kaindi alikuwa mhandisi, binti wa Wakamba waliopewa mashamba Lukore. Alitaka ndege ya Rai, iliyokuwa ikibeba wagonjwa, iwe na intaneti. Simu za setilaiti zilikuwa zimetoka juzi tu, na mwendo wake ulikuwa wa kinyonga: kwa simu moja, mchoro wa mapigo ya moyo ungemfikia daktari Nairobi mgonjwa ameshateremshwa. Basi akanunua nne, akaziunganisha kwa kisanduku kimoja. Kisanduku kiliukata mchoro vipande, kila simu ikabeba chake, na kompyuta ya daktari ikaviunga tena.

Ardhini kazi ilikwenda. Angani, majaribio mawili yaliharibika, mchoro ukafika nusu. Rai akasema Ijumaa ndiyo mara ya mwisho.

"Ikishindikana, vyombo vyako vinashuka, dada. Kilo hizo nitabebea mafuta."

Alhamisi nikamkuta Kaindi amekaa kivulini chini ya bawa, karatasi mapajani.

"Shikamoo, Mzee Shutu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze kinachotokea huko juu, kama unamweleza asiyesoma."

"Si unasoma wewe?"

"Nasoma magazeti ya kufungia mahamri. Nieleze."

Akasema setilaiti hazikai mahali pamoja. Hupita, na simu hulazimika kuiachia moja na kuishika nyingine. Hapo ndipo hukatika.

"Ikikatika moja, zile tatu hufanya nini?"

"Nimeziagiza zikate pia, kisha zote nne zipige upya pamoja. Ziende sawa."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Akafikiri, akacheka kidogo. "Kwaya. Kanisani kwetu Lukore ndimi niongozaye. Mmoja akikosea, wote tunarudi mwanzo."

"Sisi tukibeba jeneza kwenda makaburini," nikamwambia, "halisimami njiani. Watu hupokezana. Anayechoka hatoki mpaka bega lingine limeingia. Na akijikwaa mmoja, wengine hawaachii. Hulemewa na mzigo hatua mbili tatu, mpaka mwingine aingie."

"Sasa wataka niwaze maiti ndani ya ndege ya wagonjwa."

"Wewe waza mabega."

Akachukua kalamu. Aliandika mpaka magharibi. Simu ikikatika, irudi peke yake. Kipande chake kichukuliwe na zilizobaki.

Ijumaa tuliruka asubuhi, maana nilitaka kuwahi sala ya Ijumaa. Moyo wa kujaribia ulihitajika. Dama, muuguzi wa Msambweni, akanitazama.

"Mzee avue shati. Huyu hajaugua tangu uhuru."

Akanilaza, akanibandika nyaya kifuani. Tukapita juu ya Matuga, tukashika uelekeo wa Samburu, ile ya barabara kuu ya Nairobi. Kaindi alikuwa akisoma kioo cha kompyuta kwa sauti.

"Ya pili imekatika. Tatu zinabeba." Akakisogelea kioo. "Imerudi. Ya nne imekatika. Zinabeba."

Samburu ilipoonekana chini, mabati na malori barabarani, alisema polepole, "Mchoro umefika wote."

Rai akainua kidole gumba bila kugeuka. Kisha likaja jibu la daktari. Kaindi alilisoma, tabasamu likamfifia, akampa Dama kompyuta. Dama akasoma kwa sauti ya kazi.

"Mchoro umefika mzima. Mgonjwa ana umri gani? Mapigo yake yanaruka vibaya. Mleteni Nairobi moja kwa moja."

"Mwambie mimi ni fundi," nikasema. "Si mgonjwa."

"Utamwambia mwenyewe ukifika," akasema Dama, akanikaza mkanda.

Rai akatazama mafuta, akasema yanatosha, akaendelea mbele. Kaindi akanishika mkono. Furaha ilikuwa usoni pake bado, naye akijaribu kuificha kwa aibu.

"Nisamehe, Mzee."

"Kwa lipi? Furahi. Vyombo vyako havishuki."

"Lakini wewe..."

"Tuma mchoro mwingine. Daktari aone kama moyo bado unaruka."

Akatuma. Nami, niliyezoea kuhama miji bila kumuaga mtu, nikalala tuli nisiuharibu mchoro.