Namba Iliyochongwa Chini ya Mtutu

...na sasa wamemwekea muziki, kinanda kile kile cha ofisi zote za serikali, na Marlene Hautala amekaa jikoni kwa jirani yake Arvo Kinnunen, simu sikioni, bunduki imelazwa juu ya kitambaa cha meza kama mgonjwa anayesubiri daktari, na anawaza kwamba bado angeweza kuikata hii simu, aseme laini imekufa, maana huku kaskazini mwa Michigan laini hufa kila upepo wa ziwani ukigeuka, nani angejua, amwachie Arvo dola zake mia tatu, aibebe bunduki, na ujirani wa miaka arobaini ubaki mzima bila ufa, kwa sababu ni mtu gani huyu anayekaribishwa jikoni kwa watu, akanywa kahawa yao, akala mkate wao wa iliki, kisha akampigia sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, kuuliza kama kitu cha mwenyeji wake ni cha wizi... "Ongeza siagi, Marlene, unakula mkate mkavu kama mfungwa," Arvo anasema, na yeye anatikisa kichwa, ananyoosha kidole kwenye simu, nasubiri, na Arvo anasema, "Subiri na siagi basi," anamsogezea kisahani, ana mikono mikubwa Arvo, mikono iliyopasua kuni za wajane watatu kwenye barabara hii bila kuombwa, na mjane mmojawapo ni yeye Marlene, na hayo ndiyo malipo anayomlipa... siku tatu aliifanyia mazoezi ile sentensi akiosha vyombo, Arvo usinichukulie vibaya, nataka niione namba ya bunduki niwasomee watu wa sherifu, halafu tuandikiane karatasi, jina langu, jina lako, tarehe, namba ya leseni ya udereva, na alipofika kuisema ikamtoka vipande vipande, leseni mbele, jina nyuma, akangoja uso wa mzee ukunjamane, haukukunjamana, Arvo alikaa kimya kidogo, akainuka, akavaa miwani ya marehemu mkewe Sylvia, ile yenye fremu ya zambarau, kwa kuwa yake ameikalia, akaigeuza bunduki chali karibu na dirisha, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya hospitali, na Marlene akazirudia kwenye simu, na yule binti wa ofisini badala ya kumjibu akacheka, "Bi Hautala? Ni wewe? Mimi Joelle, yule wa kiti cha nyuma yako kwenye basi, niliyekutapikia koti," eti miaka thelathini na moja ya kuendesha basi la shule na hivyo ndivyo watu wanavyokukumbuka, kwa koti, "Nakukumbuka mwanangu, nilikupenda hata hivyo," na Joelle akasema, "Ngoja kidogo mama, mashine leo imeamka na uvivu wake," na kinanda kikaanza... saa nne asubuhi, jua jembamba la Oktoba kwenye sinki, wiki tano kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, na safari hii atakwenda, ameshaamua, atakwenda mwenyewe akakae kwenye kile kibanda cha mbao alichojenga Rudy, tangu Rudy afe hajakikanyaga, bunduki zake alizigawa zote wiki ile ile ya mazishi kwa sababu hakutaka kuziona, na sasa anazitaka, moyo wa binadamu bwana, unagawa kwanza unalia baadaye... Rudy angemcheka kumwona na simu hii, hapana, Rudy asingecheka, maana Rudy ndiye aliyeumwa na nyoka akabaki kuogopa ukuti, ile bunduki ya bata aliyoinunua kwenye kiwanja cha duka la vyakula vya mifugo kwa kijana mwenye tabasamu zuri, Marlene alikuwa ndani ya gari, aliliona lile tabasamu, hakukuwa na karatasi, hakukuwa na jina, kijana akasema niite Skip, ana haraka, mke wake yuko hospitali, na bei nusu ya bei, na Rudy akarudi garini anang'aa, "Siku yangu leo," akasema, Rudy wa watu, aliyeamini kila mtu ana mke hospitali... miezi miwili haikuisha akaipeleka kwa fundi airekebishe kitako, fundi akaiangalia namba, akakohoa, na kabla ya chakula cha jioni askari wawili wamo sebuleni, wanamwita Rudy bwana, wanavua kofia, lakini maswali ni yale yale mara nne, ulinunua wapi, kwa nani, Skip nani, na Rudy anasema sijui, sijui, na kila sijui inamfupisha, hata alipoachwa akawa kama amekatwa inchi mbili, pesa imekwenda, bunduki imekwenda, na kanisani Jumapili watu wanampisha kwenye benchi kwa adabu iliyozidi kiasi, rahisi ikawa ghali, ndipo akaweka sheria ya nyumba, hununui mpaka umeiona namba, namba ikiwa imekwanguliwa ondoka bila kuaga, muuzaji akikataa kusema jina lake ondoka, bei ikiwa tamu kuliko asali jiulize nyuki wako wapi... "Kindi wamerudi kwenye dari," Arvo anasema, "nawasikia wakihamisha samani," na Marlene anasema "Mm," kinanda kinaanza upya kutoka mwanzo, na anayemjia sasa si Rudy, ni yule mwanamke, hakutaka kumfikiria lakini amekuja, amesimama barazani na koti lake la kijani, mwezi mmoja baada ya askari, mkononi ana pai iliyofunikwa taulo, akasema, "Ile bunduki ilikuwa ya baba yangu, walituvunjia nyumba siku ya maziko yake, nimeambiwa ni mume wako aliyeipeleka kwa fundi, nimekuja kushukuru," na Marlene, ambaye hasira zote za wiki zile zilikuwa hazijapata pa kwenda, alimwambia nini, alimwambia mume wangu si mwizi, akafunga mlango, na kupitia pazia akamwona yule mama amesimama tu na pai yake, hajui aiweke chini au aondoke nayo, baba yake amezikwa na nyumba imevunjwa siku moja na amekuja kushukuru, akaondoka nayo... hilo hakumwambia hata Rudy, miaka ishirini na sita, Rudy alikuwa bandani anapaka rangi mashua, alikufa hajui kwamba kuna mtu alikuja mpaka mlangoni kumwambia asante... "Bi Hautala, bado upo?" Joelle, "Nipo mwanangu," "Jina la mtengenezaji nilichapa vibaya, naanza tena, usikate," na kinanda, na Arvo anasema kitu, amekuwa anasema kitu kwa muda, kitu kuhusu kituo cha mafuta, na Marlene alikuwa barazani na yule mama, maneno yanamfikia yamechelewa, "...hakuzima hata injini," Arvo anasema, "nikamuuliza jina akasema jina la nini mzee, unanunua bunduki au unanioa, nikacheka, nikalipa. Miaka kumi na moja sasa." Amevua ile miwani ya zambarau anaishika kwa mkia. "Sylvia alikataa isiingie ndani. Aliniambia, Arvo, hiyo ina mwenyewe. Nikaiweka kwenye chumba cha kuvulia nguo, kule sauna, tunakooga mvuke. Sijawahi kuipeleka kwa fundi, sijawahi kuibeba kambini kwenye mawindo, nawaambia wenzangu naipenda ile kongwe. Namba nilikuwa naijua kwa kichwa, Marlene. Kupiga simu ndiyo niliogopa." Na Marlene kwanza anashikwa na hasira, ukaniuzia mimi, mimi, halafu hasira haifiki mbali, kwa sababu anaiona ile namna alivyomsomea zile tarakimu bila kukosea hata moja, mzee asiyeweza kusoma kopo la supu, na anauona ukimya ule kabla hajainuka, na siku alipomtajia bunduki, alipokuwa anapanga kuni zake ukutani, "Kama unataka, nina moja, lakini wewe ni mtu wa kuangalia namba, sivyo, Rudy alikuwa hivyo," Marlene akadhani anamtania, hakuwa anamtania, alikuwa anamtafuta mtu wa kumuulizia, kila mtu kwenye barabara hii angenunua kwa neno lake, Arvo Kinnunen amesema, basi, akachagua mlango mmoja ambao alijua hautamwamini... na yeye siku tatu analia kwenye sinki kwa aibu ya kuuliza, kumbe swali ndilo zawadi, kumbe mtu anaweza kukaa miaka kumi na moja akingoja jirani ampende kiasi cha kutomwamini. "Watanichukua?" Arvo anauliza, kwa sauti ndogo, mzee wa miaka sabini na sita, na Marlene anaziba simu kwa kiganja, "Watakuuliza mara nne swali moja na watakuita bwana, kisha utarudi nyumbani ule," na anafikiri, pengine haina lolote, pengine yule wa kituo cha mafuta alikuwa tu mtu asiye na adabu, na pengine mahali fulani kuna koti la kijani, kuna mtu ambaye kila Oktoba anaangalia misumari miwili mitupu ukutani bunduki ilipokuwa imetundikwa, na kama yupo, safari hii kuna mlango utafunguliwa, yeye ndiye atakayekuwa amesimama barazani kwa watu, na wakimfungia atasimama, anastahili kusimama... "Ikiwa na mwenyewe," anamwambia Arvo, "tutakwenda wote, wewe na mimi, tukamwone. Nina neno la kumwambia." "Neno gani? Humjui." "Simjui," anasema Marlene, "lakini nimechelewa kwake," na Arvo anamtazama kama mtu asiyeelewa lakini ameridhika kutoelewa, na yeye anabonyeza simu itoe sauti wasikie wote wawili, anaiweka mezani kando ya mtutu, anavuta kiti chake kuzunguka meza mpaka bega lake linagusa la mzee, anachukua kisu, anapaka siagi kwenye kipande cha mkate, nene, anakigawa nusu kwa nusu, na kinanda kinapiga, na wanakula.