Shavu la Maji ya Moto

Fundi cherehani alizoea kujibu swali kabla halijaulizwa. Mteja akilikodolea macho shavu lake la kushoto, jekundu la kukolea kutoka chini ya jicho hadi tayani, yeye humwahi: "Maji ya moto. Shangazi aliniogesha nikiwa mchanga. Haya, lete kiuno nikupime." Basi, yamekwisha.

Kwa hiyo alimwambia vivyo hivyo daktari wa ngozi kwenye chumba cha leza, mama yake akiwa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani.

Daktari alichukua kipande cha kioo, akakibonyeza shavuni. Wekundu ukafifia. Alipokiinua, ukarudi palepale.

"Kovu la moto halifanyi hivi," alisema. "Hii ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Umezaliwa nayo. Ndiyo maana leza itakusaidia, maana mwanga wake unaifuata damu. Leo tutajaribu sehemu ndogo tu, tuone ngozi inavyopokea."

Fundi akacheka. "Daktari, shangazi yangu alifukuzwa nyumbani kwa ajili ya shavu hili. Mwambie, mama."

Mama akaufungua mkoba, akaufunga. Hakutoa kitu.

"Mama?"

"Bibi yako alishasema mtoto mwenye doa ni aibu ya mama yake," alisema, macho sakafuni. "Mkunga nilimwomba anyamaze. Siku ya kwanza nikakufunika, ya pili nikakufunika. Ya tatu wifi akakuogesha, watu wakaona, wakauliza. Nikasema maji yalikuwa ya moto."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Hii ilikwenda miaka thelathini na moja. Fundi akavishwa miwani ya kukinga macho. Mwanga ukapiga mara tatu, kila mara kama mpira uliovutwa ukaachiwa, na yeye hata hakujikunja. Daktari alimsifu kwa ujasiri. Ujasiri gani? Mwili ulikuwa umekufa ganzi.

Alimwacha mama palepale kitini, akaenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa amemwona mara mbili tu maishani, misibani, na mara zote shangazi alikaa mbali naye, mikono kaificha ndani ya mtandio.

Shangazi akafungua mlango. Akaona vidoa vitatu vyeusi vilivyoachwa na leza, ukubwa wa vifungo vya koti, juu ya shavu lile.

"Ole wangu! Nani tena kakuunguza?"

"Hakuna aliyeniunguza, shangazi. Si leo, wala siku ile. Nilizaliwa nalo. Mama alikusingizia, amekiri mwenyewe."

Alitarajia kilio, au matusi, ambayo angeyapokea yote. Shangazi alishika mlango, akajishusha taratibu hadi kizingitini.

"Nilitia kiwiko kwenye yale maji," alisema. "Yalikuwa vuguvugu, nakumbuka. Lakini nyumba nzima iliponipigia kelele, nikasema labda kiwiko changu kina kasoro. Nikaamini, mwanangu. Nimezaa wanne. Sikumwogesha hata mmoja. Baba yao ndiye aliyewaogesha."

Fundi, mwenye jibu la kila mtu, akakaa chini kando yake.

"Linauma?" shangazi aliuliza. Akanyoosha mkono kuelekea shavuni, akasita katikati, akaurudisha ndani ya mtandio.