Seti Nzima ya Bustani Saba

Jumamosi saa nne asubuhi mpima macho aligeuza kibao cha mlangoni upande wa "Nitarudi", akafunga duka lake la miwani na kwenda kwa fundi cherehani, mtaa wa tatu kutoka hapo. Mteja mmoja alikuwa amemdokeza kwamba fundi huyo ana kaseti ya gemu ya zamani. Kwa miaka kumi na moja mpima macho alikuwa akisaka seti nzima ya Bustani Saba, gemu zilizotengenezwa na kampuni moja ndogo kabla watu hawajawa na simu mfukoni. Sita alikuwa nazo. Ya saba alikwisha kuitafuta minadani, kwenye maghala, na mara moja kwenye harusi ya watu asiowajua, ambako alikula vizuri na kurudi mikono mitupu.

Kaseti ilikuwa ndani ya boksi lake, chini ya mguu wa cherehani.

"Hiyo ndiyo inayonizuilia mashine isiyumbe," fundi alisema. "Nikiitoa, suruali za watu zitakwenda upande."

Mpima macho alimtazama akijaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mara ya nne.

"Fundi, niachie hiyo kaseti, nami nitakutengenezea miwani. Na kipande cha ubao nitakuletea mwenyewe."

Fundi aliulamba uzi, akalikosa tundu tena. "Ubao uwe mgumu," alisema.

Mchana huo mpima macho alikaa sebuleni na kuzicheza zote kwa mpangilio. Dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiishi naye, alikunja nguo kwenye kochi na kumwambia kila baada ya nusu saa kwamba macho ya mpima macho nayo huharibika. Saa kumi na moja kasorobo, mti wa mwisho wa bustani ya saba ulizaa, na mwanamke mwenye sweta ya kijivu akatoka kwenye televisheni. Alitanguliza miguu, kwa kuwa kioo kilikuwa kidogo.

"Naomba unishikie viatu," alisema. Mpima macho akavishika.

"Karibu," alisema dada mtu, akasogeza mashuka ili mgeni apate pa kukaa.

Kwenye chai, mgeni alieleza kwamba gemu zile alizitengeneza yeye. Bosi wake alimkataza kuondoka ofisini hadi bustani ziweze kujiendesha. Hazikuweza, miti ilitaka mtu wa kuimwagilia. Basi aliingia, akawa anamwagilia.

"Na sasa anamwagilia nani?" aliuliza mpima macho.

"Hakuna."

Waligeukia televisheni. Majani yalikuwa yameanza kupukutika. Mpima macho akamgeukia mgeni.

"Usimwangalie hivyo," dada yake alisema. "Mtu kachoka."

"Sijasema kitu."

"Uso umesema."

"Kama mnazihitaji sana, nitarudi," alisema mgeni, akaanza kuvaa viatu.

Mpima macho aliyatazama maboksi saba, yaliyopangwa pamoja rafuni kwa mara ya kwanza. Kisha akachomoa waya ukutani. "Chai yako inapoa, dada," alimwambia mgeni.

Mgeni alichukua boksi moja, akaligeuza, akachukua la pili, hata akayamaliza yote. Kila moja lilikuwa na jina la bosi wake. Lake halikuwepo.

Jumatatu mpima macho alimsindikiza mgeni kwa bosi, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi na alikaa ghorofa ya nane. Mkurugenzi alimtambua mwanamke mara moja.

"Ulipotelea wapi?"

"Bustanini."

"Ahaa. Yale maua yalipendwa sana."

Mwanamke aliomba jina lake liandikwe. Mkurugenzi alimweleza kwa upole kwamba maboksi yamekwisha kuchapishwa, na kwamba majina mawili huwachanganya wanunuzi. Aliwasindikiza hadi kwenye lifti, akawabonyezea kitufe yeye mwenyewe.

Mwanamke alipewa chumba cha nyuma nyumbani kwa ndugu hao wawili, na kazi ya kusaga lenzi dukani. Kazi ilimkaa vizuri, maana alizoea vitu vidogo. Maboksi yalibaki rafuni, na mpima macho aliyapangusa vumbi kila wiki, ingawa ukiiwasha gemu yoyote unaona udongo mtupu.

Mwaka uliofuata Bustani Saba zilitolewa upya, jina la mkurugenzi likiwa kwa rangi ya dhahabu. Mwanamke na dada mtu walizikuta kwenye duka kubwa, zimewekwa mahali pa watu kujaribia. Mwanamke alishika rimoti ya gemu, mkoba ukiwa begani, akaimaliza bustani ya kwanza kwa dakika nne.

"Hapo watu hukwama wiki nzima," muuzaji alisema. Akaligonga lile jina kwa kidole. "Huyu mzee ni kichwa."

Dada mtu alifungua mdomo. Mwanamke alimgusa mkono, akainamia kioo. Ndani yake, nyuma ya ua, mwanamume mwenye tai, mikono ya shati ameikunja, alikuwa akipita na ndoo.

"Wamekuambia mpaka lini?" alimuuliza.

"Mpaka Ijumaa," alijibu yule mwanamume, bila kusimama.

Mwanamke akamwelekeza aanze na mti wa pembeni, ndio wenye kiu zaidi. Kisha alirudisha rimoti mahali pake, wakaenda kutafuta sabuni.