Mihogo Iliyopimwa Majini

Kikapu cha chuma kilizama ndani ya pipa, maji yakamwagika kidogo ukingoni, na mshale wa mizani ukaanza kuyumba. Wakulima walioegemea malori yao walinyoosha shingo kutazama. Mihogo iliyokuwa ndani ya kikapu ilikuwa minene kama mapaja ya mtoto aliyeshiba, mizima, haina hata jeraha moja la jembe, na mwenyewe alisimama mbele kabisa, mikono nyuma, kifua mbele, kama mzazi siku ya mahafali.

Mpimaji alisubiri mshale utulie. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake katika kiwanda cha wanga ilikuwa hiyo: kupima kilo tano za mihogo juu ya mizani, kisha kuzipima tena zikiwa zimezama. Wanga ni mzito kuliko maji. Mhogo uliojaa wanga hubaki na uzito hata majini. Usiokuwa nao huwa mwepesi, uwe mnene namna gani. Kilo tano zikisoma chini ya gramu mia tano majini, kiwanda hakipokei. Hakuwahi kumwongezea mtu hata gramu moja wala kumpunja, na watu wa pale walishaacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Mizani. Moyoni alilivaa jina hilo kama nguo mpya.

Mshale ulitulia kwenye mia tatu na themanini.

Alichagua mihogo mingine kutoka katikati ya shehena, akapima upya. Mia tatu sabini na tano.

"Haipiti," alisema.

Mwenye mzigo alikuwa kaka yake.

Alikuwa kaka wa tumbo moja, na zaidi ya hapo. Wazazi wao walipofariki, Mpimaji alikuwa na miaka tisa, na kaka huyu, kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe, alijifunza kumsuka nywele ili asiende shuleni na kichwa kama kichaka. Hata sasa, Mpimaji akiwa mama mtu mzima, kaka alimwita Kijiti, kwa vile alivyokuwa mwembamba utotoni.

Kaka alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda mizani ilikuwa na kasoro. Mpimaji hakubishana. Alichukua jiwe la shaba la kuhakikishia mizani, akalitundika, na mshale ukasimama pale pale ulipopaswa kusimama. Nyuma yao mtu mmoja alicheka, akasema mihogo kama ile ni ya kupigia picha.

"Kwa nini, Kijiti?" kaka aliuliza. "Nimeilea miezi kumi na minne. Niambie kwa nini."

Jibu alikuwa nalo. Lakini malori tisa yalikuwa yakingoja, na dereva wa lililofuata alishaanza kupiga honi.

"Haipiti, kaka. Sogea wengine wapimwe."

Lori liligeuka na mzigo wake. Mchana ule Mpimaji alikula peke yake nyuma ya ghala. Gramu hazikumsumbua, angezisoma vilevile mbele ya yeyote. Kilichomsumbua ni lile swali. Ni wangapi walikuwa wamesimama pale, miaka yote hiyo, wakapewa namba na kurudi nyumbani wakidhani wamelogwa au wamedhulumiwa? Sababu alifundishwa chuoni, akaiandika daftarini kwa mwandiko mzuri, akafaulu mtihani. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumapili alikwenda kwa kaka yake. Uani, mihogo iliyokataliwa ilikuwa imemenywa na kuanikwa juu ya mikeka, na wifi yake alikuwa akiigeuzageuza.

"Karibu, wifi. Mwenyewe kanuna tangu Jumatano, hata kuku wanampisha njia."

Mpimaji alimwamkia kaka yake, naye akaitikia bila kuinua uso. Mpimaji akaomba aonyeshwe nusu ya shamba ambayo haijang'olewa. Walikwenda wakifuatana, kaka mbele. Mashina yalikuwa matupu chini, ila kila ncha ilikuwa imevaa majani machanga, laini, yenye wekundu wa mbali.

Aliuliza mvua ilinyesha lini. Wiki tatu zilizopita, kaka alijibu. Na kwa nini hakung'oa kabla?

Kaka alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, alisema. Kila mhogo aliojaribu kuung'oa ulikatika. "Nilingoja ilainike niing'oe mizima. Wewe ndiye unayepokea pale. Sikutaka watu waseme kaka yake Mizani kaleta vipande."

Mpimaji alilisogelea shina moja. Alipiga magoti, akavuta tawi karibu.

"Majani haya yametoka wapi, kaka?"

"Si mvua imeyaleta?"

"Mvua imeyaamsha. Yamejengwa kwa kitu kilichotoka chini." Akamweleza taratibu. Jani hutumia jua kutengeneza sukari. Sukari hiyo hushuka kwa shina hadi kwenye mzizi, na huko huunganishwa ikawa wanga, ikawekwa akiba. Kiangazi mmea hupukutisha majani na kutulia. Mvua ikija, hauna jani la kuupikia, kwa hiyo huvunja akiba yake, huirudisha kuwa sukari na kuipandisha juu. "Mihogo yako haina ubaya wowote. Umeing'oa ikiwa kazini."

Kaka alilishika jani moja kati ya vidole viwili, akalitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Itajaa tena?"

"Itajaa. Yaache majani yafanye kazi. Kiangazi kijacho, yakianza kupukutika, ng'oa. Hata ikikatika."

"Wenzangu wote unawafundisha hivi?"

Alijibu kwamba hapana, na neno hilo lilimwia zito kulitamka.

Kuanzia Jumatatu, baada ya kila namba alitaja na sababu. Foleni ikarefuka, meneja akalalamika. Mpimaji akamjibu, kwa adabu lakini bila kuinamisha kichwa, kwamba lori linalorudi na mzigo huchelewesha watu kuliko maneno mawili. Msimu huo malori yaliyorudishwa yalipungua, na meneja hakuligusa tena jambo hilo.

Kiangazi kilichofuata kilipokaza, kaka alikuja. Mzigo wake ulikuwa wa kutia huruma kwa macho: vipande, udongo mkavu umegandamana, mmoja umepasuka katikati. Ulisoma mia sita na kumi, ukapita. Kaka aliitikia kwa kichwa tu, akatia sahihi ya kukabidhi mzigo.

Lakini hakuondoka. Alitembea kando ya foleni, akifunua maturubai ya watu bila kualikwa, akiwauliza majani yalikuwaje walipong'oa. Mbele ya lori la tano alimkuta mwanamke mwenye mihogo minene, mizuri, iliyong'olewa majani yakiwa bado machanga, akaanza kumweleza, mikono ikipanda na kushuka, jinsi mmea unavyojiwekea akiba na unavyoitumia. Watu wawili watatu walisogea kusikiliza.

Mpimaji alimsikia kutoka kwenye pipa lake. Pale kwenye sukari kaka alikuwa amekosea kidogo. Alifungua mdomo amsahihishe, kisha akaufunga, akaita mzigo uliofuata.