Kengele ya Nusu Saa

Tangu bei ya kuegesha ilipopandishwa, mtaa ule uliishi kwa kengele ya Fundi Saa. Nusu saa ya kwanza ilikuwa bure. Ikipita, ada ya saa moja ilimeza mapato ya asubuhi nzima. Waliopanga bei walitaka watu waache magari nyumbani. Wenye maduka wakapanga lao. Kila nusu saa Fundi Saa alisimama mlangoni, akailiza saa yake kuukuu ya mezani, na wenye magari matano wakatoka mbio. Gari la mbele lilizunguka mtaa na kurudi nyuma ya foleni. Mengine yalisogea nafasi moja. Askari wa maegesho, waliyemwita Mnyororo kwa vile vyuma alivyofunga kwenye magurudumu, alikuta kila gari mahali papya na muda umeanza upya.

Kikwazo kilikuwa shemeji yake Fundi Saa, mjane wa kaka yake, mshonaji wa sare za shule katika chumba cha pili. Aliendesha gari la marehemu kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Huyu aliambiwa haraka haraka haina baraka, akaiapia," alisema Kinyozi.

Muuza Viatu hakucheka. "Jana nimekwama nyuma yake anatafuta gia. Mnyororo akanikuta. Nimelipa mimi."

"Ndiyo mizigo ya ukoo hiyo," Fundi Saa alitania.

"Basi itue," alisema Kinyozi. "Kesho saa nne atakuwa wa nyuma kabisa. Usilize kengele. Sisi tutaangalia simu."

"Ameshafungwa mara mbili. Ya tatu gari linabebwa, halirudi."

"Tunajua kuhesabu."

"Bila gari hapeleki sare. Shule zitamtupa."

"Na wewe, bila sisi, utaegesha wapi na mguu huo?"

Fundi Saa alitazama mguu wake wa kushoto, ule mfupi.

Asubuhi shemeji alimletea suruali aliyomshonea pindo, akakataa hela.

"Ila shem, cherehani inanitia uziwi. Nisiposikia kengele, nigongee ukuta."

"Nitagonga."

Saa nne ilipofika, Fundi Saa alisokomeza kitambaa katikati ya nyundo na kengele. Saa ilitetemeka kiganjani mwake bila sauti. Nje, milango minne ya magari ilifungwa taratibu, wa Fundi Saa ukiwa mmojawapo. Nyuma ya ukuta cherehani iliendelea kukimbia. Iliendelea Mnyororo alipofika, na winchi ilipokuja kulinyanyua gari la marehemu pua juu. Ilinyamaza winchi ilipokata kona.

Shemeji akatoka, futi ya kupimia shingoni, pini midomoni. Akazitoa moja moja.

"Shem, kengele imelia?"

"Imelia."

"Na ukuta?"

"Niligonga mpaka mkono ukauma."

Alitazama nafasi iliyobaki tupu, doa la oili katikati.

"Masikio yangu haya," akasema. "Nisamehe, shem. Nakusumbua kila siku."

Kinyozi alikuwa akichana nywele za mteja kwa bidii isiyo ya kawaida.

Kabla ya adhuhuri, gari kubwa jeusi liliingia kwenye doa lile. Mwenyewe alilipia siku nzima bila kutazama bei. Ndipo mtaa ulipojua kazi ya yule mama: kule kusuasua kwake ndiko kulikokuwa kukiziba nafasi ya nyuma, mgeni asiingie, hadi wa mbele amalize kuzunguka. Sasa aliyetoka kuzunguka alirudi akakuta nafasi imeshawahiwa.

Siku ya tatu zamu ya kuzunguka ilimwangukia Fundi Saa. Aliporudi, magari mawili makubwa yalikuwa yamejipanga nyuma. Kinyozi na Muuza Viatu walikuwa wamesogea mbele, wamezima injini.

"Nisogezeeni kidogo, jamani."

"Mguu wako mzito, Fundi," alisema Kinyozi, akikung'uta kitambaa chake. "Ungewahi."

Alizunguka. Duka lake lilikuwa wazi, wateja wakichungulia na kuondoka. Akazunguka tena. Kwenye kona ya mzunguko wa sita alimkuta shemeji akivuka kwa miguu, furushi la sare kichwani, jasho likimtiririka. Akafunga breki. Mama yule aliinama kidogo, furushi lisianguke, akachungulia dirishani.

"Na wewe, shem, hukusikia kengele?" aliuliza kwa huruma ya kweli.

Nyuma yao magari yakaanza kupiga honi.